Samaki Huyu ni wa Maji Gani? Umbo la Mwili na Fumbo la Jamii za Samaki

Asubuhi moja ufukweni Dunga, hapa Kisumu, mama mmoja muuza samaki alikataa ngege watatu kutoka kwenye karai la mchuuzi. Kijana alikuwa ameapa kwamba wote wamevuliwa usiku ule, kwa wavu, ziwani. Mama hakupandisha sauti. Alimlaza mmoja ubavu juu ya meza ya mbao, akapitisha kidole toka puani hadi pale pezi la mgongoni linapoanzia, akasema, "Mwanangu, huyu ni wa keji, wa kizimba cha kufugia. Tazama kichwa kilivyo kidogo na mgongo ulivyopanda. Wa ziwani ana kichwa, tena mwili wake ni mrefu." Kijana akainama, akashusha bei.

Nimelikumbuka tukio lile mara nyingi, kwa sababu kidole kile kilipita karibu njia ileile wanayoipita watafiti wa samaki wakiwa na kompyuta. Ncha ya pua, jicho, mwanzo wa pezi la mgongoni: hapo ndipo nao wanapoanzia. Mama alikuwa anajibu swali ambalo elimu ya uvuvi imehangaika nalo kwa zaidi ya miaka mia. Samaki wawili wa spishi moja, wenye jina moja sokoni na ladha moja mezani, je, wametoka katika jamii moja au mbili? Na mwili wenyewe unaweza kutuambia?

Unaweza, ila kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yanayorukwa mara nyingi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno jamii. Nyamami, yaani Oreochromis niloticus, ni spishi moja popote alipo, awe Turkana au Homa Bay. (Siku hizi Kisumu tunamwita ngege, ingawa ngege mwenyewe wa wazee wetu ni samaki mwingine, nami nitamrudia.) Jamii ni sehemu ya spishi inayokulia mahali pamoja na kuzaliana yenyewe kwa yenyewe zaidi kuliko inavyochanganyika na wengine. Anayesimamia uvuvi hana budi kuijua jamii, kwa kuwa ndiyo inayoziba pengo la samaki waliovuliwa. Mwenye vihenge viwili vya mahindi, kimoja kikubwa na kingine kidogo, akidhani ana kihenge kimoja tu, atahesabu magunia yote kwa pamoja na kuona chakula kipo tele. Kumbe kila siku anachota kwenye kile kidogo. Siku kitakapokauka, hesabu yake ya jumla bado itakuwa inamwambia hakuna shida.

Kosa hilo lilifanyika Ulaya kwa muda mrefu. Wengi waliamini kwamba heringi wa bahari ya kaskazini ni kundi moja kubwa mno linaloshuka kila mwaka kutoka maji ya barafu. Mwaka 1898 Mjerumani Friedrich Heincke alitoa matokeo ya kazi kubwa ya kupima heringi mmoja mmoja na kuhesabu pingili za uti wa mgongo. Akaonyesha kwamba kuna koo mbalimbali, kila moja na mahali pake pa kutagia na majira yake. Hakuwa na kifaa cha ajabu. Alikuwa na rula, macho, subira na samaki wengi sana.

Baharini swali hili ni gumu kuliko ziwani. Samaki wa Ziwa Kanyaboli na samaki wa Ziwa Victoria wametengwa na nchi kavu na matete ya kinamasi cha Yala. Hata mtoto wa shule anaona mpaka. Lakini tasi wa Lamu na tasi wa Shimoni hawana ukuta kati yao. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kaskazi hukutana na mkondo wa Somalia unaoteremka, yote miwili ikageukia bahari kuu. Wakati wa kusi mkondo wa pwani haukutani na kizuizi hicho, unaendelea mbele. Mayai na vichanga vya samaki huelea na maji hayo, kwa hiyo samaki aliyezaliwa mwamba mmoja anaweza kukulia mwamba mwingine wa mbali. Hata hivyo samaki wakubwa wa spishi nyingi hurudi kutaga mahali palepale, na maji hayafanani: karibu na midomo ya Tana na Sabaki yana tope na chumvi kidogo, kwingine ni maangavu juu ya matumbawe. Mpaka unaweza kuwepo bila kuonekana juu ya maji. Ndiyo maana wanaohangaikia uvuvi wa pwani huangalia mwili wa samaki, wakitumaini kwamba mpaka umeandikwa huko.

Sasa tuje kwenye kipimo, maana hapa ndipo penye utamu.

Njia ya zamani ilikuwa kupima urefu: pua hadi mwanzo wa mkia, urefu wa kichwa, upana wa jicho, kina cha mwili. Shida ni kwamba vipimo hivyo karibu vyote hupanda na kushuka pamoja. Samaki mkubwa ana kichwa kirefu, jicho kubwa na mwili wenye kina. Ukipima vitu kumi unaweza kuwa umepima kitu kimoja mara kumi, nacho ni ukubwa. Isitoshe, vipimo vingi vilikwenda kwa urefu tu, kutoka mbele kwenda nyuma, huku ubavu mzima ukiachwa. Mwaka 1982 Richard Strauss na Fred Bookstein walipendekeza vipimo visukwe kama kenchi za paa la bati: unaweka nukta kuzunguka mwili, kisha unapima umbali kati yao kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, mpaka mwili wote umefungwa kwa pembetatu na pembenne. Hapo mwili ukabanwa vizuri zaidi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuacha kupima umbali na kuzihifadhi nukta zenyewe. Unampiga samaki picha ubavuni, rula ikiwa pembeni. Kwenye kompyuta unabofya nukta ambazo lazima ziwe zilezile kwa kila samaki: ncha ya pua, katikati ya jicho, mwanzo na mwisho wa pezi la mgongoni, juu na chini ya shina la mkia, mwanzo na mwisho wa pezi la nyuma ya tumbo, mzizi wa pezi la kifuani, ukingo wa kifuniko cha matamvua. Nukta nzuri ni ile ambayo watu wawili wasiojuana wataiweka mahali pamoja. "Pale mgongo ulipopanda zaidi" ni nukta dhaifu, kwa sababu mgongo ni mteremko na kila mtu ataona kilele chake.

Tuseme umechukua nukta 15. Kila moja ina namba mbili, ya kulala na ya kusimama, hivyo kila samaki amegeuka kuwa namba 30. Katika hizo, mbili zinasema tu aliwekwa sehemu gani ya picha, moja inasema amegeuzwa kiasi gani, na moja inasema ni mkubwa kiasi gani. Ondoa hizo nne. Zinabaki 26, na hizo 26 ndizo umbo. Naomba msomaji asimame hapo kidogo, kwa sababu ndicho kiini cha jambo zima. Umbo ni kile kinachobaki baada ya kuondoa mahali, mgeuko na ukubwa. Mama wa Dunga alikuwa akifanya hivyo kichwani bila kujua: hakujali samaki amelala upande gani wala ana kilo ngapi, alitazama kichwa dhidi ya mgongo.

Kompyuta hufanya kazi hiyo kwa kuwasogeza samaki wote hadi vitovu vya nukta zao viwe mahali pamoja, kuwakuza au kuwapunguza hadi walingane, kisha kuwazungusha mpaka nukta zao zikaribiane kadiri inavyowezekana. Njia hii imepewa jina la Procrustes, mtu katili wa hadithi za Wagiriki aliyewalaza wageni kitandani mwake: mfupi alimvuta, mrefu alimkata miguu, mpaka kila mmoja atoshe. Kwa maoni yangu jina hilo linaionea njia yenyewe. Samaki hapa havutwi wala hakatwi. Anakuzwa mzima mzima, na uwiano wa viungo vyake unabaki kama ulivyo. Programu za kufanya kazi hii zinapatikana bure, na baadhi zinafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida kabisa ya mwanafunzi.

Tofauti zinazobaki zinaweza kuchorwa. Tandaza wavu wa miraba juu ya samaki wa wastani, kisha usogeze nukta zake ziende zilipo nukta za samaki wa ghuba fulani. Miraba itapinda. Pale ilipobanana mwili umefinyika, pale ilipotanuka mwili umepanuka. Mskoti D'Arcy Thompson alichora michoro ya aina hii kwa mkono mwaka 1917, akiugeuza mwili wa samaki mmoja kuwa wa mwingine kwa kupinda miraba tu. Leo kompyuta inaipinda kwa hesabu, na mvuvi asiyejua hesabu akionyeshwa mchoro anaelewa mara moja.

Lakini njia hii ina mitego, na wa kwanza uko kwenye barafu. Niliwahi kumsaidia mwanafunzi mmoja kupiga picha za samaki waliokuwa wamesafirishwa usiku kucha. Walikuwa wamejazwa kwenye boksi moja, wengine wamekunjwa kama ndizi ili watoshe, wakaganda hivyohivyo. Tulipowachora, kundi la boksi lile lilijitenga vizuri sana na mengine. Tulifurahi kwa saa nzima, mpaka tukaona kwamba tofauti kubwa ilikuwa kupinda kwa mgongo. Tulikuwa tumegundua jamii ya samaki wa boksi. Ilibidi picha zile zote zitupwe, na ile siku ya kutupa bado inaniuma, kwa kuwa mwanafunzi yule hakuwa na nauli ya kurudi ufukweni kuchukua wengine. Mdomo uliofunguka, tumbo lililojaa mayai, kamera iliyoinama: kila kimoja kinaweza kuvaa sura ya jamii mpya.

Mtego wa pili ni umri. Samaki hakui kama puto linalojazwa pumzi, kila upande sawa. Mdogo ana jicho kubwa kwa mwili wake, na anapokua uwiano hubadilika. Ukilinganisha nyamami wa sentimita 12 kutoka Ahero na wa sentimita 35 kutoka Mfangano, utapata tofauti ya umbo, na sehemu kubwa yake itakuwa tofauti ya mtoto na mzee. Kuwasawazisha kimo kwa hesabu hakutoshi, kwa sababu umbo lenyewe limeshabadilika njiani. Inabidi uchukue samaki wa ukubwa unaokaribiana, au upime wa kila ukubwa katika kila mahali ili ujue umbo linavyofuata umri.

Wa tatu uko kwenye hesabu. Kuna uchambuzi unaotafuta tofauti bila kuambiwa nani katoka wapi, kama mtu anayezunguka jiwe akitafuta upande unaoonyesha sura zake nyingi. Kuna mwingine unaoambiwa kabisa, hawa ni wa Usenge, hawa wa Dunga, kisha unatafuta mstari wa kuwatenga. Huu wa pili ukipewa samaki wachache na namba nyingi, utatenganisha hata makundi uliyoyagawa kwa kurusha sarafu. Nikionyeshwa mchoro wenye mawingu mawili ya nukta yaliyoachana vizuri, swali langu la kwanza ni samaki walikuwa wangapi. La pili: ukimtoa mmoja, ukafanya hesabu bila yeye, kisha ukaiuliza hesabu anatoka wapi, inajibu sawasawa mara ngapi? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko uzuri wa mchoro.

Tuseme mitego yote imerukwa. Samaki wamenyooshwa, wanalingana, ni wengi, na bado wa mahali hapa wana vichwa vifupi kuliko wa pale. Je, tumepata jamii mbili? Hapa ndipo fundo lenyewe lilipo.

Mwili wa samaki umeandikwa na mikono miwili: vinasaba alivyorithi na maisha aliyoyaishi. Ziwa letu lina shahidi mzuri wa mkono wa pili. Yumo furu aitwaye Astatoreochromis alluaudi, mla konokono. Ana taya za ziada kooni, na anapokula konokono taya hizo huwa nene, zenye meno butu ya kusagia. Ukimlea tangu udogo kwa chakula laini, taya zinakuwa nyembamba. Ukoo ni uleule, chakula tu ndicho kilichobadilika. Mtu akiwapima wawili hao bila kujua walivyolelewa, angeweza kuapa kuwa ni jamii mbili, pengine hata spishi mbili.

Ndivyo ilivyo hata kwa samaki wa keji. Kifaranga wa nyamami akiwekwa kizimbani, akaletewa chakula mdomoni kila siku bila kukimbizana na chochote, atajaa mgongo. Vifaranga vingi vya vizimbani pia hutoka kwa wazazi waliochaguliwa kwa kukua haraka. Mikono yote miwili imeandika pamoja, na picha peke yake haiwezi kutenganisha mwandiko. Mama alijua samaki alikoishi. Kuhusu ukoo wake, kidole hakikusema kitu, na mama hakudai kwamba kilisema.

Kuna mfano mwingine wa ziwa hilihili ambao unanishangaza kila ninapoufikiria. Baada ya mbuta, yaani sangara, mla samaki wenzake, kuongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980, furu wengi walitoweka, lakini wachache walirudi. Watafiti waliomfuatilia mmoja wao, Haplochromis pyrrhocephalus, katika Ghuba ya Mwanza, waliwalinganisha waliovuliwa kabla ya msiba na waliovuliwa baadaye. Katika kipindi cha miongo miwili hivi mwili wake ulikuwa umebadilika, na eneo la matamvua lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya nusu, jambo linaloendana na maji yaliyopungukiwa hewa na chakula kilichogeuka. Kwa hiyo umbo linaweza kutenganisha hata samaki wa maji yaleyale wa miaka tofauti. Anayechukua sampuli za pwani mwaka huu na kuzilinganisha na za zamani za rafiki yake inampasa akumbuke hilo.

Upande wa pili wa fundo ni kwamba miili inaweza kufanana huku ukoo umeachana. Mkizi, yule ambaye hasira zake ni furaha ya mvuvi, ana ndugu aitwaye Mugil cephalus anayepatikana pwani za dunia nzima zenye joto. Kwa mamia ya miaka alihesabiwa kuwa samaki mmoja, kwa kuwa popote alipo ana mwili uleule wa mviringo, kichwa bapa, rangi ya fedha. Vinasaba vilipopimwa vikaonyesha koo zaidi ya kumi zilizoachana zamani sana, baadhi zikiishi karibukaribu bila kuchanganyika. Rula ingepita juu yake bila kuona.

Kwa hiyo tofauti ya umbo inatuambia samaki hawa wameishi maisha tofauti, na hilo peke yake lina thamani kubwa. Kama tasi wa ghuba moja wana umbo lao miaka nenda miaka rudi, basi wengi wao hawahami; wangekuwa wanahama, maumbo yangechanganyika. Kwa msimamizi wa uvuvi hiyo ni habari ya kutosha kuanza kuhesabu vihenge viwili. Anayetaka kusema habari za ukoo inambidi aongeze ushahidi: vinasaba, vijiwe vya sikio ambavyo huweka pete kama za mti na kuhifadhi kemia ya maji alikokulia, au jaribio la kuwalea watoto wa pande zote mbili kwenye bwawa moja na kuona kama tofauti inabaki.

Nikiangalia ramani ya kwetu, natamani kazi hii ingefanywa zaidi hapa. Ghuba ya Winam ni ya maji mafupi, yenye tope na magugu, na inaungana na ziwa kuu kupitia mlango ulioko kaskazini mwa Rusinga. Mlango mdogo wa Mbita uliwahi kuzibwa kwa tuta la barabara, kisha tuta likaondolewa likajengwa daraja ili maji na samaki wapite. Nyamami wa ndani ya ghuba wakionekana tofauti na wa nje, je, ni tope au ni ukoo? Na kule Kanyaboli, Siaya, bado yuko ngege wa kweli, Oreochromis esculentus, aliyetoweka karibu kabisa kwenye ziwa kuu baada ya nyamami na mbuta kuletwa. Nyamami na ngege wanaweza kuzaa chotara, na chotara humchanganya mpimaji kwa kuwa mwili wake huangukia katikati. Kumjua ngege halisi kabla ya kumchukua kwa ufugaji ni jambo la dharura, na umbo ni chujio la kwanza lisilo na gharama kubwa.

Gharama yake ni hii. Ubao mweupe na rula iliyogundishwa. Samaki wa asubuhi ile, kabla ya barafu, amenyooshwa, mdomo umefungwa, mapezi yamefunguliwa na kushikiliwa kwa pini. Simu imefungwa kwenye fremu juu ya ubao, isishikwe kwa mkono. Samaki 30 au 40 kila mahali, wa ukubwa unaokaribiana, dume na jike wakiandikwa, pamoja na tarehe, ufuko na aina ya wavu. Kabla ya kumrudisha samaki kwa mwenyewe, unakata kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, unakitia kwenye kichupa cha spiriti kali, unaandika namba ileile ya picha. Hata kama leo hakuna pesa za kupima vinasaba, kichupa kitasubiri.